Mishipa ya Fahamu Isifundishwe Mjini Peke Yake

Yapo maradhi ambayo yakiingia nyumbani huwanyamazisha watu. Mtu akipatwa na homa, jirani huja kumpa pole na kuuliza ametumia dawa gani. Akivunjika mguu, huletewa uji. Lakini akianguka ghafla na kutoka povu mdomoni, au akiamka asubuhi mkono mmoja haumtii, au miguu ikianza kumwacha kidogo kidogo pasipo homa wala kidonda, hapo jirani huuliza kwa sauti ya chini, na swali lenyewe si la dawa. Huuliza amemkosea nani.

Hayo ndiyo maradhi ya ubongo, ya uti wa mgongo na ya mishipa ya fahamu, nayo ndiyo tunayotaka kuyasema leo. Sisi si madaktari. Lakini wanaougua ni wakulima wa mihogo na mikorosho wa Kisarawe, madereva na makuli wa barabara ya Morogoro, na wafanyakazi wa viwanda vya Kibaha. Na kijana anayesomea udaktari husomeshwa kwa kodi na jasho lao. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza. Kijana huyo, siku atakapokuwa peke yake usiku katika hospitali ya wilaya, atajua kumpima mtu ambaye ugonjwa wake hauonekani kwa macho?

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimtazama ndugu yetu aliyelazwa katika hospitali moja ya pwani hii, ambayo kuitaja jina hakuna haja. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja, mkwezi wa minazi. Miezi mitatu alikuwa akienda zahanati na kurudi na vidonge vya maumivu, akiambiwa ni baridi yabisi. Nyumbani aliambiwa kwamba amekanyaga dawa aliyotegewa njiani, na mbuzi wawili walikwisha kuuzwa kwa ajili ya kuitegua. Mwishowe hakuweza kusimama, akaletwa hospitali kwa pikipiki, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa mwanawe.

Akaja kijana mwanafunzi wa udaktari, mwembamba, koti lake limempwaya. Mfukoni alikuwa na kinyundo cha mpira, pini, kipande cha pamba na funguo za mlango wa chumba chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Miguu inasemaje?"

"Miguu si yangu tena. Nikiitazama naiona, nikiiita haiji."

Kijana hakucheka wala hakuandika haraka. Alivuta kigoda akaketi. Aliuliza ilianzaje, mguu upi ulitangulia, mkojo watoka vipi, usiku hutoka jasho, amekonda. Kisha akamwomba mzee afumbe macho, akaanza kumgusa kwa pini toka vidole vya miguu akipanda juu, na kila mara akiuliza kama inachoma au inagusa tu. Inagusa tu. Gotini, inagusa tu. Pajani, inagusa tu. Ilipofika kitovuni mzee alishtuka: "Hapo! Hapo panachoma." Kijana akatoa kalamu, akachora mstari tumboni mwa mzee. Akamgeuza, akateremsha kidole uti wa mgongo pingili baada ya pingili, akakuta mahali pamoja palipotokeza kidogo kama kifundo, na mzee akaguna.

Mwalimu wake alipopita, kijana alimweleza kwa maneno machache: mishipa ya mikono ni mizima, ya miguu imekazana, hisia zakoma kitovuni, na mgongo una kibiongo kidogo. Picha ya mgongo ikapigwa mahali pale pale alipoonyesha. Kilikuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho kilikuwa kikila pingili na kubana uti. Dawa zake hutolewa na Serikali bila malipo, chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977. Mzee alianza kuzimeza wiki ile ile.

Tuliuliza kijana amejuaje. Akatueleza kwa subira, jambo ambalo si kila msomi hulifanya. Ngozi ya binadamu, alisema, imegawanyika mikanda mikanda kama pingili za muwa, na kila mkanda una mshipa wake unaotoka mgongoni. Mkanda wa chuchu ni wa mshipa wa nne wa kifua; wa kitovu ni wa kumi. Ni hivyo kwa kila mtu, awe mkwezi awe waziri. Basi anayejua kuisoma ngozi hujua palipoharibika ndani kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Elimu hiyo ina historia ndefu kidogo. Mwaka 1875 madaktari wawili wa Kijerumani, Erb na Westphal, kila mmoja kwa upande wake, walieleza namna mguu unavyoruka ukigongwa chini ya goti, na maana yake ukiruka kupita kiasi au usiporuka kabisa. Mwaka 1896 huko Paris, Joseph Babinski alionyesha kwamba ukikwaruza unyayo wa mtu mzima na kidole gumba kikainuka juu badala ya kukunjika chini, basi njia ya amri itokayo ubongoni imedhurika. Kwa kipimo hicho ncha ya ufunguo wa mlango yatosha. Ndiyo sababu ya zile funguo mfukoni mwa kijana wetu. Zipo leo mashine kubwa za kupiga picha za ubongo, nasi twazishukuru, lakini mashine hupiga picha mahali ilipoelekezwa. Yule mzee angeweza kupigwa picha ya kiuno, ikatoka safi, akarudishwa nyumbani na vidonge vyake.

Wanafunzi wenyewe huliogopa somo hili. Si wetu peke yao: mwaka 1994 daktari mmoja wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliandika juu ya hofu hiyo akaipa jina kabisa, akisema huwapata wanafunzi wanaofundishwa muundo wa ubongo darasani kama ramani ya nchi wasiyopata kuitembelea, kisha wakifika kwa mgonjwa hawaoni njia. Hofu hii ikimpata kijana wa Boston, yuko mwenzake bingwa chumba cha pili. Ikimpata wa Kisarawe, nyuma yake hakuna mtu.

Tusisahau tumetoka wapi. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961 madaktari wananchi walikuwa 12 katika nchi nzima. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza 1963. Kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, kikawa chuo kishiriki mwaka 1991, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwaka 2017 ilizinduliwa hospitali yake kubwa ya kufundishia Mloganzila, kando ya barabara ya Morogoro, kule Dar es Salaam inakopakana na Mkoa wa Pwani. Mwanafunzi husoma miaka mitano, na mwaka wa sita hufanya kazi chini ya uangalizi. Vyuo vingine vimeongezeka pia. Watu milioni 61 waliohesabiwa mwaka 2022 si wale wa 1961, na bado mabingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Basi si busara kungoja bingwa afike kila wilaya. Kila daktari, na kila tabibu, lazima ajue yale ya msingi kwa mkono wake mwenyewe.

Na mahali pa kuyajua ni hapa hapa. Mtu akitaka kufundisha vijana kupima ubongo, barabara ya Kibaha itampa wagonjwa kuliko kitabu. Kibaha ni mahali palipoanzishwa kwa mafundisho: mradi wa nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, Denmark, Finland, Norway na Sweden, ulioanza 1963 kupiga vita ujinga, umaskini na maradhi, ulikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, na Hospitali ya Tumbi ilizaliwa ndani yake. Leo Tumbi ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wenye watu wapatao milioni mbili, nayo imekaa juu ya njia ipitayo kila lori la kwenda bara na kila basi la kutoka bara. Wanaoletwa usiku ni utingo, abiria na vijana wa bodaboda wasiovaa kofia.

Hapa ujuzi wa mkono ni jambo la saa, pengine la dakika. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Teasdale na Jennett, walitengeneza kipimo ambacho sasa hutumika duniani kote: mgonjwa hupewa alama kwa namna anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyojongeza viungo. Mzima kabisa hupata 15, aliyezama kabisa hupata 3, na akifika 8 au chini yake, njia yake ya pumzi iko hatarini. Kazi hiyo haidai mashine. Hudai mtu wa kurudi kitandani tena na tena, usiku kucha, na kuandika. Kwa maana yupo majeruhi ambaye hufika akizungumza, akiulizia hata viatu vyake, na wote husema amepona. Kumbe damu inajikusanya kati ya fuvu na ubongo, na baada ya saa mbili anasinzia, mboni ya jicho moja imetanuka. Mwanafunzi aliyeandika 15, kisha 14, kisha 12, ameshapiga kengele, na gari la wagonjwa laweza kukimbia zile kilomita 40 hivi hadi kwa mafundi wa upasuaji wa ubongo Muhimbili. Aliyeandika "hali nzuri" mara moja tu na kwenda kulala, asubuhi atakuta maiti.

Kisarawe ni kitabu kingine. Hapa ajali si nyingi kama za Kibaha. Hapa yako maradhi yanayokaa nyumbani miaka mingi. Chukua kiharusi. Uchunguzi uliofanywa kati ya 2003 na 2006, nyumba kwa nyumba, ulionyesha kwamba wilayani Hai hupatwa watu kama 109 kwa kila laki moja kwa mwaka, na katika sehemu ya Dar es Salaam iliyochunguzwa watu kama 316, baada ya hesabu kulinganishwa kwa umri. Kisarawe imelala mlangoni mwa Dar es Salaam; chumvi na sigara na presha isiyopimwa havisimami Pugu kungoja kibali.

Chukua kifafa, ugonjwa ambao jina lake lenyewe lina kifo ndani yake. Wilayani Ulanga, ambako daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge zaidi ya nusu karne iliyopita, uchunguzi wa Dakta Henry Rwiza na wenzake uliochapwa mwaka 1992 ulikuta watu 10 katika kila 1,000. Hatusemi kila wilaya ina wingi huo. Twasema kwamba kila kijiji kinao, nao hawaonekani, kwa sababu wamefichwa. Wengine wana makovu ya moto, kwa kuwa walipoanguka jikoni aliyekuwapo aliogopa kuwashika, akidhani povu lao laambukiza. Haliambukizi. Dawa ya zamani ya fenobabitoni, iliyotumika tangu 1912, ingali inawasaidia wengi, na ni ya bei ndogo, mradi imezwe kila siku na isikatwe ghafla. Lakini ili kujua kwamba anguko ni kifafa na si kuzimia kwa njaa, wala si hofu, wala si sukari iliyoshuka, daktari hana budi kumsikiliza yule aliyeona mtu akianguka.

Na hapo ndipo twafika kwenye jambo linalotuudhi kuliko yote: lugha. Mwanafunzi hufundishwa maradhi haya kwa Kiingereza. Mgonjwa huyaugua kwa Kiswahili, na Kiswahili cha Mzaramo wa Maneromango si kile cha kamusi. Mama akisema mwanawe "ameshikwa na degedege", amekwisha kusema mambo mawili kwa neno moja: kwamba mtoto alitetemeka mwili akageuza macho, na kwamba huenda dege, yule ndege mkubwa wa hewani, amempitia. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi imani hiyo inavyompeleka mtoto kwa mganga kwanza, wakati ubongo wake unashambuliwa na malaria. Daktari anayemcheka mama huyo atampoteza mama na mtoto. Anayemwuliza kwa upole, "Mama, lilianza mkono gani? Lilidumu kama muda wa kusonga ugali, au lilipita upesi? Baadaye alikutambua?" ameshapata nusu ya ugonjwa.

Hata neno letu fahamu lina mtego. Twasema mishipa ya fahamu, twasema amepoteza fahamu, twasema hafahamu kitu. Kijana asiyezoea atamwuliza mzee, "Fahamu zako ziko sawa?" na mzee ataona ametukanwa kwamba ni mwendawazimu. Ganzi nayo: mmoja husema ganzi akiwa hasikii pini, mwingine akiwa anahisi sisimizi wanatembea, wa tatu akiwa mguu hauna nguvu. Ni magonjwa matatu mbalimbali. Darasani hakuna wa kuyatenganisha, yatatenganishwa na mwanafunzi aliyekaa kitandani pa wagonjwa wa kutosha akiuliza, "Ganzi ipi, bibi?"

Watu wa Kisarawe hula mihogo, na hapa twakumbuka jambo la Tarime. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa huko walianza kupooza miguu yote miwili kwa ghafla, watoto na akina mama zaidi. Madaktari waliowapima walikuta miguu imekakamaa, magoti yakigongwa yaruka kwa nguvu, lakini ngozi yasikia vizuri toka juu hadi chini. Basi haikuwa polio, ambayo hulegeza mguu. Wala haikufanana na kifua kikuu cha mgongo, ambacho mara nyingi hukata hisia. Ilikuwa konzo, maradhi yaliyojulikana kwanza Kongo mwaka 1938, yatokanayo na sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa wala kukaushwa vya kutosha wakati watu wana njaa na hawana kitoweo. Wazee wetu wa Pwani wanajua muhogo upi huliwa mbichi na upi haudhubutu mtu. Mmoja wa waliochunguza ugonjwa ule, Dakta William Howlett, alifundisha miaka mingi Moshi katika hospitali ya KCMC, na mwaka 2012 alitoa kitabu kizima cha maradhi ya fahamu katika Afrika, kilichoweza kusomwa bure na mwanafunzi yeyote. Kwa bahati mbaya ni cha Kiingereza. Bado hatujamlaumu yeye. Tujilaumu sisi wenye lugha.

Kutofautisha mguu uliokakamaa na mguu uliolegea si mchezo wa wasomi. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea miguu ghafla, taarifa lazima itolewe mara moja na choo chake kipimwe, maana huenda ni polio. Mwaka 2023 huko Rukwa alipatikana mtoto aliyepooza kwa aina ya polio itokanayo na virusi vya chanjo, ambayo huenea palipo na wengi wasiochanjwa.

Twaomba nini basi? Vyuo hupeleka wanafunzi vijijini kujifunza afya ya jamii, wakahesabu visima na vyoo. Si kazi ya kudharauliwa. Lakini twataka mwanafunzi huyo huyo akae wiki kadhaa wodini Tumbi na Kisarawe akiwa na mwalimu wa maradhi ya fahamu kando yake, si jina la mwalimu kwenye ratiba tu. Mwalimu apande gari aje. Safari ya Kisarawe si ya ng'ambo. Matabibu wanaofundishwa Kibaha na wauguzi wa zamu wakae pamoja naye, kwa kuwa ndio watakaobaki yeye akihamishwa. Na mtihani uwe kitandani: mpe mgonjwa mmoja, nusu saa, pini na pamba, kisha mwambie, palipoharibika ni wapi? Asiyejua arudie, hata kama karatasi yake ya Kiingereza imepata alama nzuri. Maelezo ampe mgonjwa kwa Kiswahili mbele ya mwalimu, na hayo yahesabiwe alama.

Tutaambiwa hakuna fedha. Fedha za mashine ni nyingi, kweli. Lakini kinyundo cha mpira si mashine, na tumepata kuingia katika wodi ambamo wanafunzi wanane walikuwa wakiazimana kimoja, na kimoja chenyewe kilikuwa cha mwalimu. Kwa upande wetu sisi wanachama na wafanyakazi, tunao wajibu wetu: tunajua nyumba ambamo kijana wa kifafa amefungiwa chumba cha uani, na nyumba ambamo mzee wa kiharusi amelazwa mkekani miaka miwili bila kupimwa presha. Balozi wa nyumba kumi anajua. Mwanafunzi akija na mwalimu wake, mlango huo ufunguliwe.

Yule mzee mkwezi tulimwona tena mwaka uliofuata, njiani kando ya kibanda cha madafu. Alikuwa na fimbo, akitembea kwa hatua fupi. Kukwea hakwei tena. Mwanawe hukwea, yeye huuza. Alitukatia dafu akakataa fedha, akauliza kama twajua aliko yule kijana wa pini. Tukamwambia amemaliza masomo, amepelekwa kazini bara. Akatafakari kidogo, akapandisha shati, akatuonyesha mahali mstari wa kalamu ulipokuwa umepita.

"Mwambieni," alisema, "sasa panachoma hadi kidoleni."